Mwenye Wimbo Asimame

Wimbo wangu ulianza na tabla peke yake. Ngoma ndogo ya Kiarabu ile, ya kulaza pajani, inayopigwa kwa ncha za vidole hadi inalia kama mvua juu ya bati. Kisha inaingia zumari, lakini si zumari ya kweli, ni ya kinanda cha umeme, kali, inapanda, inapanda, inakatika. Halafu unashuka mdundo wa mashine, mzito, wa disko, na mwanamume anaanza kuita habibi, habibi, na nyuma yake wanawake wanapiga vigelegele sawasawa na vya kwetu. Wimbo mzuri. Nasema hivyo mimi niliyechapwa nao miaka na miaka. Ungekuwa mbaya nisingeumia vile.

Sikuuchagua. Nilipewa, na aliyenipa ni mwanamke mmoja wa Dar es Salaam tuliyekuwa tukimwita Mwenye Redio. Alikuwa na deki kubwa ya kanda mbili na spika mbili za kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Kwa kuwa alikuwa na hiyo deki, alikuwa na sisi sote mkononi mwake.

Johannesburg nilifika baada ya ule uchaguzi wa tisini na nne, nikimfuata mume wangu. Yeye ni mtu wa huku, alikimbilia kwetu zama za mapambano, tukaoana Morogoro. Walipofunguliwa njia wakarudi kwao, na sisi wake zao tukaja pamoja na masanduku. Tukapanga Malvern, mtaa wa pili kutoka Jules Street. Yeye akapata kazi ya ofisi Midrand, anaondoka giza anarudi giza. Mimi nikawa msusi Marshalltown, kiti cha plastiki na kioo pembeni ya barabara, nawasuka makarani wa kike wakati wao wa chakula cha mchana. Lugha yao ilinipiga chenga, lakini nywele ni nywele, na mikono yangu haikuhitaji mkalimani.

Jumapili alasiri ndiyo ilikuwa siku yetu. Nyuma ya yadi moja ya magari ya mitumba kule Jules Street kulikuwa na ukumbi wa mabati, na humo wanawake wa Kiswahili tulikutana: Watanzania, Warundi Waislamu waliopitia kambi za Kigoma, na Wakongo wachache waliokuja kucheza tu na hawakuficha. Mtoto akitimiza arobaini, humo. Binti akiolewa, humo. Mlangoni tulitundika kanga, maana yake mwanamume haingii hata nyumba ikiungua. Taarabu hatukuwa nayo. Kundi hakuna, mwimbaji hakuna, na kanda za nyumbani zilishaliwa na deki zamani. Kilichokuwapo ni muziki wa Kiarabu wa kisasa, ambao Mwenye Redio aliununua kwa Mmisri mmoja pale Marshalltown, anayeuza mapazia mbele na kanda nyuma.

Basi tukaucheza. Na tuliucheza vilivyo, nisidanganye. Mwendo wa tabla ni ndugu wa chakacha. Kiuno kinaujua kabla hujakiambia. Mimi ni mtu wa Tanga, na Tanga mtoto wa kike hujifunza kukata kiuno kabla ya kujifunza kukuna nazi. Warundi walileta mabega. Wakongo walileta magoti, wanashuka chini hadi unajiuliza watainukaje, na wanainuka. Watoto wetu waliokulia hapa wakaleta miguu ya pantsula, ile ya vijana wa lokesheni, mitaa ya Waafrika, kukanyaga upesiupesi na raba, wakaitia ndani ya zumari ya Kiarabu ikakaa humo bila ugomvi. Mtu wa nje angetuchungulia angesema hawa watu wana furaha.

Sasa sikiliza ubaya wetu. Kwetu pwani taarabu si nyimbo tu. Mwanamke mwenye kisa na mwenzake hungoja wimbo wenye maneno yanayomfaa. Ukipigwa, anainuka na kanga yake anakwenda kumtunza mwimbaji, huku macho yake yako kwa yule adui, na ukumbi mzima unajua nani kapigwa. Hayo ndiyo malezi yetu. Lakini utafanyaje na nyimbo ambazo huelewi hata neno moja? Mwanamke wa pwani hashindwi. Mwenye Redio akaanza kuzigawia maana yeye mwenyewe. Huu wa kinanda cha kulialia ni wa yule aliyekimbiwa na mume. Huu wa makofi ni wa yule aliyeazima sufuria la pilau akalirudisha limetoboka. Huu wa sauti nyororo ni wa mwenye kuwachekea waume za watu. Hakutangaza. Alimnong'oneza mmoja, na huyo mmoja alikuwa na mdomo.

Na ilikuwepo sheria. Wimbo wako ukipigwa, simama ucheze. Ukisimama umekiri, lakini umekiri kwa maringo, na watu watakupigia vigelegele. Ukibaki kitini, wimbo haufi. Unamwangukia yeyote aliye katikati ya ukumbi wakati huo. Usicheke, tuliamini. Yule wa sufuria siku moja alikaa akajifanya anafunga kiatu, na katikati alikuwepo Mkongo wa watu, kaja kusalimia, anajichezea zake. Tangu siku hiyo sufuria likawa lake. Hakuna aliyemwazima hata kijiko, wala hakuna aliyemwambia kwa nini. Nilicheka hadi nikashika mbavu. Nani asingecheka? Haikuwa zamu yangu.

Zamu yangu ilikuja katika arobaini ya mtoto wa Mrundi mmoja. Nilikuwa nacheza, jasho linanitoka, kanga nimejifunga kiunoni. Mwenye Redio akazima muziki katikati. Akatoa kanda, akapuliza vumbi, akatia nyingine taratibu, na bila kumtazama mtu akasema, "Huu mpya. Huu ni wa mti usiozaa."

Ikaanza ile tabla. Watu wakatazama sakafu, kisha mmoja mmoja wakanitazama mimi. Katika ukumbi ule mwanamke asiyeitwa Mama Fulani nilikuwa peke yangu. Wenzangu wote walikuwa Mama huyu na Mama yule. Hata yule ambaye mwanawe alikuwa jela aliitwa kwa jina la mwanawe, na aliitika. Mimi nilikuwa Dada, au Msusi, au mke wa Msauzi.

Nikacheza. Ningefanyaje? Niliucheza ule wimbo hadi mwisho, na nilicheza kuliko nilivyowahi kucheza, na vigelegele vikanimwagikia.

Wahenga walisema mti wenye matunda ndio hurushiwa mawe. Wahenga hawakufika Jules Street. Mti mkavu nao hurushiwa, tena na watu walioshiba, kwa raha zao.

Na mimi sikuwa mti mkavu. Nilizaa. Nilizaa Morogoro, mtoto wa kike, mzima, kichwa kimejaa nywele, na akaishi mpaka akaanza kukaa bila kushikwa. Mvua za mwaka ule zikaja na homa, homa ikamchukua. Amelala huko. Katika Johannesburg yote aliyejua ni mume wangu, na mume wangu ndiye aliyeniambia ninyamaze.

Alikuwa na sababu yake. Kwao mtoto akizaliwa huchinjwa mbuzi, akatambulishwa kwa wazee wa ukoo waliotangulia. Wetu hakuchinjiwa. Tulikuwa ukimbizini, na yeye alisema wazee wake watamsikiaje kutoka Morogoro. Akazikwa hivyohivyo. "Mama akijua," aliniambia, "atauliza kwa nini nilimwacha mjukuu wake kwenye udongo wa watu, hatambuliki na yeyote. Atasema ndiyo maana hatupati mwingine. Nipe muda nitafute namna ya kumwambia." Namna hiyo akaitafuta miaka nenda rudi. Mama yake akitutembelea kutoka Soweto alinipa mkono wa baridi na kuniita makoti. Makoti kwao ni bi harusi, mke mgeni, na jina hilo hulivui mpaka uzae. Nikawa bi harusi mwenye mvi.

Nilipomweleza mume wangu juu ya ule wimbo, alikuwa anakula. "Eish," akasema, "si muziki tu? Usiende basi." Akaendelea kula. Akaomba chumvi. Nikampa, na nilitamani nimtie machoni.

Nilitaka kitu kimoja tu, nakisema wazi msije mkakitafuta: nilitaka kuitwa Mama Fulani. Kwa jina la mwanangu. Mbele za watu, kwa sauti, kama wenzangu. Nyumba, mume, heshima ya Soweto, hayo yote yangekuja nyuma yake au yasije.

Siku moja nikasema ngoja nitafute haki yangu. Nikaacha kiti changu, nikaenda kwa yule Mmisri wa mapazia, nikamwomba anifasirie ule wimbo. Kiingereza chake na changu vyote vilichechemea, lakini tulifika. Aliupiga, na bega lake likaanza kucheza lenyewe. Akanieleza kwamba tabla na zumari ni za harusi za vijijini kwao, ndivyo bibi yake alivyosindikizwa kwa mumewe. Vijana wa mjini wamezichukua wakazitia mashine. Harusi ya kijijini imevishwa jinzi, nilielewa hivyo. Na maneno? Akacheka. Mwanamume anamwambia msichana kwamba macho yake yamemnyima usingizi. Basi. Hakuna mti, hakuna tunda.

Jumapili nikawaambia wote. Nilisimama katikati nikasema kwa sauti. Mwenye Redio akanisikiliza hadi mwisho, kichwa kakiinamisha upande, utadhani ana huruma.

"Kwao ni macho, shoga," akasema. "Kwetu ni tumbo."

Ukumbi ukaangua kicheko. Kuna bibi mmoja alicheka hadi akashikwa na kikohozi, ikabidi aletewe maji, na maji hayo nilimletea mimi. Kisha Mwenye Redio akaupiga tena, nami nikasimama, maana sheria ni sheria.

Mtaniuliza kwa nini sikuacha kwenda. Hilo ni swali la mtu mwenye ndugu zake karibu. Mimi Malvern nilikuwa na kuta nne na jirani anayenisalimu kwa nyusi. Wiki nzima naongea kwa vidole na vichwa vya watu. Jumapili ikifika nilikuwa na njaa ya Kiswahili kiasi kwamba hata kutukanwa kwa Kiswahili kulikuwa chakula. Nikala.

Miaka ikaenda. Kanda zikawa sidii. Wenye uwezo wakafunga madishi, na kwenye televisheni za Kiarabu tukawaona wenye nyimbo zetu kwa macho: wasichana waliovaa suruali za kubana wanatikisa kiuno kile kile cha bibi zao, na vijana wa kofia wanaruka wameshikana mikono, huku nyuma mtu anarap. Wimbo wangu nao ukarudi umetengenezwa upya. Tabla ileile, lakini chini yake wametia mdundo wa taratibu, mzito, unaokaribiana na kwaito, muziki wa vijana wa hapa. Nilidhani sasa utasahaulika, kila mtu atautaka kwa ajili yake. Mnh! Ulirudi na meno mapya. Wageni waliokuja juzi, hata hawajapata pa kulala, walishaambiwa ni wa nani.

Mwenye Redio alikuwa na binti mmoja, wa pekee. Alikuja hapa bado ananyonya kidole, akakulia kwenye Kiingereza na Kizulu. Kiswahili alikielewa, ila kukisema alikikokota. Jumamosi nilikuwa nawafundisha watoto wa kike kucheza palepale ukumbini, na yeye hakukosa hata akiwa na mafua. Kiuno nilimfundisha mimi. Miguu ya pantsula alinifundisha yeye, na alinicheka nilipoanguka. Aliniita Anti. Nilimpenda. Wallahi nilimpenda, na kila nikimtazama naona pua ya mama yake, na hilo lilinikera sana.

Akakua, akaposwa na kijana wa Kitanzania mwenye kazi nzuri huko Midrand. Mama mtu akavimba, njia ya Jules Street ikawa haimtoshi. Wakwe wakatangaza kwamba watakuja kutoka Dar, wanawake wenye dhahabu hadi kwenye meno. Ikabaki kuchagua wimbo wa kumwingiza bi harusi ukumbini. Binti akachagua wimbo wangu.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Mama alijaribu kila njia. Akasema wimbo wa zamani huo. Binti akasema upo mpya. Akasema hauna heshima. Binti akauliza, mbona umeupiga utoto wangu wote? Hapo angejibu nini? Kwamba ni fimbo ya kumchapia mwalimu wako? Binti naye alikuwa mkaidi kama aliyemzaa. Alishafanya mazoezi na wenzake, hatua kwa hatua, na akaapa kwamba wakimbadilishia atageuka mlangoni arudi nyumbani na shela lake.

Ndipo Mwenye Redio akaja kwangu. Kwa mara ya kwanza tangu tujuane akavuka robot, kama waitavyo hapa taa za barabarani, akaja mpaka jikoni kwangu na sahani ya visheti imefunikwa kitambaa cha kudarizi. Nikajua kuna jambo.

"Shoga yangu," akaanza. Sikuwa shoga yake. "Siku ile, tabla ikianza tu, usimame. Usichelewe. Simama wewe ili wimbo usimwangukie mtoto. Mbele ya wakwe zake, ndiyo kwanza anaingia nyumba ya watu. Nakuomba. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Alinitamkia hayo mimi, jikoni kwangu. Nilikuwa nimeshika mwiko, na namshukuru Mungu ulikuwa mwiko tu.

"Naujua," nikamwambia.

Nikamweleza. Sikuwa nimemweleza mtu tangu nifike nchi hii. Nilimweleza nywele, homa, mvua, kaburi, mbuzi asiyechinjwa. Nikamtajia jina la mwanangu. Akauliza, "Mbona hukusema?"

"Mliuliza?"

Nikampa sharti langu. Kabla ya kubonyeza huo wimbo, ashike kipaza sauti, aniite kwa jina la mwanangu. Mama Fulani, mbele ya ukumbi mzima. Aseme huyu ni mzazi mwenzetu. Akisema hivyo nitasimama, nitacheza, na mwanawe ataingia kwa amani. Nilijua habari ingefika Soweto kabla pilau haijapoa, na mume wangu angetafuta pa kuficha uso. Potelea mbali. Muda wa kutafuta namna nilikwisha kumpa.

Akaapa kwa haki ya Mungu. Akanishika mikono akalia, machozi ya kweli, nayaona hadi leo. Kisha akala visheti vyake viwili akaenda.

Siku ya harusi ukumbi ulijaa hadi kwenye madirisha. Wakwe walikaa mbele, udi unafuka, dhahabu zinagongana. Mimi nilivaa gauni jipya na nilikaa kiti cha mbele, pembeni, karibu na deki, nikingoja kuitwa. Mwenye Redio akashika kipaza sauti. Akawakaribisha wakwe. Akawashukuru wapishi. Akamshukuru fundi wa nguo, akamshukuru mwenye yadi ya magari kwa kusogeza magari. Kisha akavuta pumzi, akanitazama, akaitazama dhahabu ya wakwe, akasema, "Haya, bi harusi aingie!" Akabonyeza.

Sababu naijua. Kutaja mtoto aliyekufa mbele ya wakwe siku ya harusi, angeambiwa analeta nuksi. Naijua, na haikunipunguzia kitu.

Tabla ikaanza. Nikakaa.

Wale wanaoijua sheria wakaanza kugeuza shingo. Bi harusi akaingia, shela jeupe, wenzake nyuma yake, akafika katikati ya ukumbi, na mimi bado niko kitini. Zumari ikapanda. Mwenye Redio akanitolea macho, kwanza ya kuomba, kisha ya kutukana. Midomo yake ikasema simama, simama we mwanamke. Nikakunja mguu mmoja juu ya mwingine. Nikatengeneza kanga yangu begani. Nikasema moyoni, umwangukie. Aitwe yeye mti usiozaa, mama yake aone jina hilo linavyokaa. Nilifurahi, na sikumbuki kufurahi vile tangu nivuke mpaka.

Kisha nikaona bi harusi anakuja kwangu. Anakuja akicheza, kiuno changu mimi juu, miguu ya pantsula chini ya lile gauni, anacheka, mikono kaninyooshea.

"Anti, simama! Ni wimbo yako!" akasema kwa Kiswahili chake cha kukokota. "Mimi nachagua kwa ajili yako!"

Tangu utoto wake alikuwa akiona: wimbo ule ukipigwa, mazungumzo yanakatika, ukumbi mzima unanigeukia, ninasimama peke yangu katikati, nacheza kuliko wote, na wanawake wananipigia vigelegele. Hakuna aliyewahi kumwambia lolote. Mtoto wa watu alidhani ni heshima. Alidhani ndivyo tunavyomtukuza mtu.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi nilisimama.

Tulicheza pamoja. Ukumbi uliripuka, wakwe wakasimama na dhahabu zao, hata yule bibi wa kikohozi alipanda juu ya kiti. Walionijua walicheka kile kicheko chao, wasionijua walishangilia, na mimi sikujali, nilikuwa nimeshika mikono ya yule mtoto. Wimbo ukiwa unakaribia kwisha nilimvuta hadi kwenye deki. Kipaza sauti kilikuwa mezani. Nikakichukua.

"Mimi ni mama," nikasema. "Nilizaa binti, Morogoro. Jina lake..."

Mwenye Redio akaweka kidole kwenye kitufe cha sauti, akakizungusha hadi mwisho. Tabla ikanimeza. Nilikuwa nasema, nalihisi koo langu linasema, na sisikii kitu ila habibi, habibi. Waliokaa mbele walisikia hadi Morogoro, kisha wakatazama sahani zao. Mwenye Redio aligeukia wakwe akapiga kigelegele kirefu, chenye afya, ulimi unacheza mdomoni. Nikakirudisha kipaza sauti mezani.

Bi harusi akanivuta mkono, sikioni akanipigia kelele, "Anti, umesema nini?"

"Cheza, mwanangu," nikamwambia. "Cheza."

Jumapili iliyofuata nilisikia kwamba Mwenye Redio aliupiga tena. Sikuwepo, na sijarudi mpaka leo. Sijui ulimwangukia nani. Mume wangu aliletewa habari na mtu wa ofisini kwake, mume wa mmoja wa wale wanawake waliokaa mbele. Akaja nyumbani akaniuliza kama ni kweli nimesema. Nikamjibu nimesema, na waliosikia walijifanya hawakusikia. Akashusha pumzi. Alishusha pumzi mbele yangu, akafungua viatu, akauliza kuna nini cha kula. Kulikuwa na chakula. Sikumpakulia.

Baada ya wiki kadhaa yule binti akaja. Aliendesha mwenyewe kutoka Midrand, akagonga mlango wa jikoni. Alisema amemuuliza mama yake nilichosema kwenye kipaza sauti, akajibiwa kwamba nilikuwa namwombea dua. "Lakini mimi nilikuwa karibu, Anti. Nilisikia nusu."

Nikamwambia yote. Na wimbo nikamwambia, ni wa nini, na aliyeuanzisha ni nani, na kwa nini mama yake alimkataza. Sikumlainishia. Ningeweza, lakini mimi nani alinilainishia? Uso wake ukafanya kazi kubwa. Hakulia. Aliangalia chai yake hadi ikapoa, na mimi nikakaa nikamtazama anavyoumia, nikamwacha aumie.

Halafu akauliza, "Anaitwa nani, huyo binti?"

Nikamtajia. Hapa siliandiki. Yeye alilirudia polepole, mara kadhaa, mpaka akalipata sawasawa. Akainuka akachukua vikombe, akaenda kuviosha. Mimi nikabaki mezani nimempa mgongo.

Nikasikia mtu anaitwa. Mama Fulani. Nikageuka kutazama mlangoni, nikidhani kuna mgeni kaingia. Hapakuwa na mtu. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye sinki. Binti akaita tena, kwa jina lile la mwanangu, na akageuka na vikombe mkononi kuona kwa nini siitiki.

"Abee," nikasema.